Mkono Huru

Kila asubuhi, baada ya uji, Ambakisye Mwaisumo alivaa shati lililopigwa pasi, akachomekea, akatoka chumbani kwenda kazini. Kazi yenyewe ilikuwa hatua chache tu kutoka kitandani: meza ya mninga pembeni ya sebule, na juu yake kompyuta, kisomaji cha kadi, na kibao cheusi cha kioo chenye ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Mkewe hakuwahi kumcheka kwa kusema anakwenda kazini. Kisheria, akikaa kwenye kiti kile alikuwa amevuka mpaka. Meza ile ilikuwa mali ya Mamlaka ya Malango ya Maji, na hata paka akirukia juu yake, alikuwa ameingia ofisi ya serikali bila kibali.

"Mama Lugano, kadi nimeiweka wapi?"

"Ipo shingoni, baba."

Ambakisye alijipapasa kifuani, akaikuta, akacheka. Aliivua kamba, akaichomeka kadi kwenye kisomaji. Taa ndogo ikawaka rangi ya chungwa na skrini ikamwomba namba ya siri. Hapo vidole vyake vikasimama hewani.

Mkewe, Tusajigwe, alikuwa akipanga vikombe kabatini, amempa mgongo. Alingoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake aliyejikwaa nafasi ya kuinuka mwenyewe. Kisha, bila kugeuka, akaanza kuimba chini chini. Ilikuwa sauti ya wimbo wa kwaya, ila maneno yake yalikuwa tarakimu. Nyuma yake alisikia vitufe vikibonyezwa kimoja baada ya kingine, vikiufuata wimbo.

Ambakisye akaweka kiganja juu ya kioo. Taa ikageuka kijani.

*Karibu, Mshika Lango. Mkono wako ni huru.*

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa roho ya kadi zile. Zamani malango ya mabwawa yote ya nyanda za juu yalifunguliwa kutoka chumba kimoja mjini. Ikafika siku watu wenye silaha wakakivamia chumba kile, wakawasimamia mafundi vichwani, na maji yakafunguliwa kuelekea walikotaka wao. Baada ya hapo serikali ikakivunja chumba na kuzigawa funguo. Kila bwawa likapewa washika lango watatu, kila mmoja akae nyumbani kwake, na lango lisisogee hata unyayo mpaka wote watatu waridhie. Lakini kadi huibwa. Namba hutolewa kwa kipigo, na kiganja cha mtu kinaweza kukamatwa na kubandikwa kwenye kioo. Kwa hiyo walioziunda kadi wakazipa masikio. Kiganja kikigusa kioo, kadi ilisikiliza mapigo ya moyo, jasho, na mitetemo midogo ya misuli ambayo mtu mwenyewe hana habari nayo. Mkono ukija kwa hiari, kadi ilikubali. Ukiletwa, ilikataa.

Ambakisye alichaguliwa kwa sababu mito ya upande ule wa Rungwe aliipima yote kwa miguu yake, enzi za ujana. Wakati anachaguliwa, hakuna aliyejua kwamba usahaulifu ungemjia, ukimnyemelea kama ukungu wa Tukuyu unavyoshuka: unaona kilima, unageuka kidogo, hukioni tena.

Tusajigwe aliuona mapema. Alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi, na macho yake yalizoea kuona kinachokuja kabla hakijatangazwa. Mwanzoni alimkumbusha mumewe namba mara moja moja, kisha kila wiki, mwisho ikawa kila siku. Siku moja mumewe alipokuwa ameduwaa mbele ya kioo, alimshika kifundo cha mkono taratibu na kumsaidia kukiweka. Kadi ikalia, na skrini ikaandika: *Mkono huu si huru.* Alishtuka kama mwizi aliyemulikwa tochi. Tangu siku hiyo hakuugusa mkono wa mumewe akiwa mezani pale. Aliimba tu.

Alijua ni kosa. Namba ile haikupaswa kujulikana na mtu mwingine yeyote chini ya jua. Lakini ndani ya nyumba ile, Ambakisye alikuwa amekwisha kuwa mgeni. Alifungua jokofu akitafuta viatu. Alimsalimia mkwewe kwa jina la mtu mwingine. Kwenye meza ile tu ndipo alipokaa wima, akavaa miwani, akasoma vipimo vya maji na kutikisa kichwa kwa namna ile ile aliyokuwa nayo walipooana. Mwanamke gani angekwenda kumnyang'anya mumewe mahali pa mwisho alipokuwa mwenyeji?

*

Mwaka ule masika yalikuja na vishindo. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko na haikupumua. Tusajigwe alikuwa akikunja nguo ndani, baada ya chakula cha mchana, kompyuta ilipotoa mlio ambao hakuwa ameuzoea: mrefu, wa chini, kama ng'ombe anayeita ndama.

Ambakisye alikuwa kitini tayari. "Wanataka tufungue lango kubwa," alisema.

Tusajigwe alisogea hadi kwenye ukingo wa zulia, mahali ambapo sheria ilimtaka asimame, akatazama skrini kwa mbali. Bwawa la Kasyeto lilikuwa limejaa. Washika lango wawili walikuwa wamekwisha kuridhia, majina yao yakiwaka kijani. La tatu, la Ambakisye, lilikuwa jeupe.

"Basi, baba?"

"Basi nini? Sifungui."

"Kwa nini?"

Alimtazama mkewe kama anayemshangaa. "Asajile yuko bondeni. Amepeleka ng'ombe kunywa. Nimfungulie maji mdogo wangu mwenyewe?"

Asajile alikuwa amekufa kabla Lugano hajazaliwa, na Lugano sasa alikuwa mama wa watoto huko Mwanza. Alikufa kwa homa, kitandani. Yeye Tusajigwe ndiye aliyemfumba macho.

Simu ya ukutani ikaita. Ilikuwa sauti ya Gwamaka Kajuni, mshika lango mwenzake Ambakisye, aliyeishi ng'ambo ya pili ya mlima. Walijuana tangu ujana, naye alianza kwa salamu ya Kinyakyusa.

"Mama Lugano, ndaga. Kaka yupo?"

"Yupo mezani."

"Mbona kimya? Sikiliza, dada yangu, ukuta wa bwawa ni wa udongo. Tukifungua sasa, maji yatashuka kwa adabu, na watu wa bonde wamekwisha kuhamishwa tangu asubuhi. Tukichelewa mpaka giza liingie yatapita juu ya ukuta, na yakipita juu yataubeba. Hapo hakuna cha kuhamishwa. Mpunga wote mpaka Kyela, na vijiji njiani."

"Anasema hafungui."

"Ana sababu? Akiwa na sababu aiseme tu. Kukataa ni haki yake, tutakaa tujadiliane. Ndiyo maana tuko watatu."

"Ngoja kidogo, shemeji," Tusajigwe alisema, akaikata simu.

Alijua njia ilikuwepo. Wote wenye kadi nyumbani walisomewa siku ya kukabidhiwa. Mshika lango akishindwa kwa maradhi, mtu wa nyumba yake anaweza kutoa kauli mbele ya Mamlaka. Kadi ya mgonjwa huzimwa papo hapo, wala haiwaki tena kamwe, na lango linapewa mshika lango wa akiba. Haichukui muda mrefu. Inachotaka ni mtu mmoja tu kusema, kwa mdomo wake na kwa kiganja chake, kwamba mume wake hana tena akili ya kushika funguo.

Na njia nyingine ilikuwepo pia, nyepesi kuliko unyoya.

"Baba Lugano," alisema.

"Naam."

"Kama Asajile angekuwa ameshatoka bondeni, ungefungua?"

"Mara moja. Maji haya si ya kuchezea, mimi nayaona." Alionyesha skrini kwa kidole, na kidole hakikutetemeka. "Ametoka? Umempigia?"

Uso wake ulikuwa umeinuka kumtazama, mtulivu, wazi kama sahani. Sentensi fupi tu, na kiganja kile kingekwenda chenyewe kwenye kioo. Moyo wake ungepiga taratibu. Kadi ingesikiliza mapigo, jasho na misuli, na isingepata hata chembe ya woga. Waliounda kadi walifikiria bunduki, kamba na kipigo. Hawakufikiria mke. Mkono wa mtu aliyedanganywa na ampendaye ni mkono huru kabisa, kwa kipimo chochote kile.

"Nambie wewe tu," Ambakisye alisema. "Ukisema wewe ametoka, mimi sina wasiwasi."

Ni maneno hayo yaliyomzuia Tusajigwe. Angemwambia lolote, angeamini. Leo ingekuwa kwa ajili ya kuokoa watu. Kesho litaletwa ombi jingine, la kupunguzia maji kijiji fulani, naye mumewe atageuza shingo na kumwuliza mkewe. Keshokutwa atakuja mtu mlangoni, mwungwana mwenye maneno matamu, naye hatakuwa na haja ya bunduki wala ya Ambakisye. Atakaa jikoni na Mama Lugano. Lango la Kasyeto lilikuwa na washika lango watatu, na mmoja wao alikuwa yeye, asiye na kadi, asiyechaguliwa na yeyote, amesimama ukingoni mwa zulia na nguo ya kukunja mkononi.

Alivuka ukingo. Akaenda hadi kwenye kiti, akachuchumaa, akayashika magoti ya mumewe.

"Asajile alifariki, baba. Zamani sana. Tulimzika Masoko, karibu na wazee."

Ambakisye alimtazama. Midomo yake ikacheza. "Lini?"

"Kabla ya Lugano."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyelibeba jeneza mbele."

Alilia kama anavyolia mtu aliyepokea msiba saa ile ile, kwa sababu kwake ulikuwa wa saa ile ile. Hakuwa na sauti kubwa. Mabega tu yalipanda na kushuka, na miwani ikaingia ukungu. Tusajigwe alimwacha alie. Nje mvua iliendelea kulipiga bati.

Baada ya kitambo Ambakisye alijifuta kwa mkono wa shati, akajivuta kwenye meza. "Kama amekufa," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "basi hakuna mtu bondeni. Nifungue."

Akaweka kiganja juu ya kioo yeye mwenyewe.

Kadi ikalia. *Mshika lango hana utulivu. Mkono huu hauwezi kuthibitishwa.*

Akakiondoa, akakipangusa kwenye suruali, akakirudisha. Kadi ikalia tena. Mara ya tatu alikikandamiza hadi kucha zikawa nyeupe, na kadi, ambayo haikujua tofauti ya mtu anayetishwa na mtu anayefiwa, ikalia vile vile.

"Imeharibika," Ambakisye alisema.

"Haijaharibika, baba."

Alikwenda chumbani, akatoa kadi yake mwenyewe, ile ya kawaida ambayo kila raia alikuwa nayo, ya kupigia kura na ya hospitali. Akaivuta kadi ya mumewe kutoka kwenye kisomaji na kuichomeka yake. Skrini ilimwuliza anataka huduma gani. Akachagua ile iliyoandikwa *Kauli ya Mtu wa Nyumba*.

Uso wa mwanamke kijana ukatokea, kilemba kichwani, macho ya mtu aliyekuwa akizungumza na watu wengi tangu asubuhi. "Naitwa Injinia Hobokela Mwambene, wa Mamlaka ya Malango. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Sema kwa maneno yako mwenyewe. Mkono ubaki kwenye kioo mpaka umalize."

Tusajigwe aliweka kiganja. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, na alijua kifaa kinausikia. Angekataliwa naye? Alifanya kile alichowafundisha wanawake wengi katika wodi ya wazazi: akavuta pumzi kwa pua, akaiacha itoke yenyewe, asiisukume. Tena. Mumewe alikuwa ameketi kando yake, bega kwa bega, akimsikiliza.

"Mimi ni Tusajigwe, mke wa Ambakisye Mwaisumo," alisema. "Mume wangu anasahau. Hakumbuki namba yake. Leo amemsahau marehemu mdogo wake, kwamba ni marehemu. Ni mtu mwema na hajawahi kuidhinisha jambo kwa nia mbaya. Lakini hawezi tena kushika lango." Kioo kilikuwa kimya. "Na namba nimekuwa nikimpa mimi. Tangu mwaka jana."

Hobokela aliinua macho. "Kauli imepokewa," alisema.

*Mkono wako ni huru*, skrini ikaandika.

Juu ya meza, taa ndogo iliyokuwa ndani ya kadi ya Ambakisye ikazimika. Hapakuwa na mlio. Ambakisye aliichukua, akaigeuza huku na huku, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuipasha joto.

"Kumbe ndivyo mnavyonisema," alisema polepole.

Tusajigwe alibaki pale mbele ya skrini, kiganja chake kikiwa bado kwenye kioo, hadi jina jipya lilipotokea mahali pa lile jeupe. Subilaga Mwasandube, wa Kyela. Lilikaa kidogo bila rangi, kisha likawa kijani.

*

Jua lilikuwa limerudi Hobokela alipokuja mwenyewe kuchukua vifaa. Alivua viatu vyenye tope mlangoni, akakataa chai mara ya kwanza kwa heshima, akaikubali mara ya pili. Ukuta wa bwawa ulikuwa umehimili. Shamba fulani la migomba lilikuwa limekwenda na maji, na daraja la miti, lakini mtu hakupotea hata mmoja.

"Nina swali nililotumwa niulize," alisema, kikombe mkononi. "Mama ulisema namba ulikuwa unampa wewe. Wakubwa wanataka kujua ilianzaje. Maana kila alichoidhinisha mzee tangu mwaka jana lazima kipitiwe upya."

Kabla Tusajigwe hajajibu, Ambakisye aliweka kikombe chake mezani.

"Andika kwamba mimi ndiye niliyemwomba," alisema. Sauti ilikuwa ile ya zamani, ya kazini. "Nilimwambia, mke wangu, nikisahau unikumbushe. Yeye alitii tu."

Hobokela alimgeukia Tusajigwe. Macho yake hayakuwa makali. Mtu angeweza hata kusema yalikuwa yakimwomba akubali. "Ndivyo, mama?"

Tusajigwe alimtazama mumewe. Hakuweza kujua kama alikuwa akidanganya kwa ajili yake, au aliamini kweli kwamba siku hiyo ilikuwepo. Vyovyote vile, lilikuwa jambo jema kuliko yote aliyofanyiwa kwa siku nyingi, na alitamani kulipokea.

"Sivyo," alisema. "Hakuniomba. Nilianza mwenyewe, na yeye hakujua kama ni kosa. Nilitaka aendelee kuwa na kazi."

Ambakisye aliguna. "Mwanamke huyu ni mbishi," alimwambia mgeni.

Hobokela alicheka bila kutaka. Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba mama ataitwa mbele ya baraza la Mamlaka huko Mbeya. Hatafungwa, kwa kuwa alijisema mwenyewe, lakini nyumba hii haitapewa kadi ya lango tena, hata kwa watoto wao. Tusajigwe aliitikia. Alikuwa amejiandaa kwa makubwa zaidi.

Walimsaidia kubeba kompyuta hadi kwenye gari. Kioo kilifungwa ndani ya blanketi. Kadi Ambakisye aliivua shingoni mwenyewe na kumkabidhi, akampa mkono kabisa, kama wanavyofanya watu wakipeana vyeo. Meza ya mninga waliachiwa, ikiwa na alama ya mraba iliyokuwa imefichika chini ya kompyuta, mahali ambapo mbao hazikupauka.

"Ninapitia bwawani," Hobokela alisema akiwasha gari. "Kama wazee mngependa kuona."

Hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo. Kwa miaka yote ile, Ambakisye alikuwa akilifungua na kulifunga lango asiloliona.

Walisimama kwenye njia ya juu, wamejifunika shuka moja kwa ajili ya upepo. Chini yao lango lilikuwa wazi nusu, na maji yalitoka kwa mkunjo mmoja mpana, ya kahawia, yakaanguka kwenye sakafu ya mawe, yakatulia, kisha yakaendelea na safari yake kuelekea bonde. Ambakisye aliyatazama kwa muda mrefu. Aliinamisha kichwa kusikiliza mngurumo wake. Akafuata kwa macho kingo zote mbili, akatazama lilipoishia povu, akatazama jinsi mto ulivyojikusanya baada ya hapo.

"Nani amefungua?" aliuliza.

Tusajigwe alilirekebisha shuka begani mwake. Ilikuwa rahisi kusema *wewe*. Angefurahi siku nzima.

"Mwanamke mmoja wa Kyela," alisema. "Anaitwa Subilaga. Amepewa nafasi yako."

Ambakisye alitafakari. Kisha akatikisa kichwa, taratibu, mara mbili, kama alivyozoea kufanya vipimo vikiwa sawa.

"Amefungua vizuri," alisema. "Hakuwa na haraka."